Pini za Mama Mwita

Ninamshukuru Mwenyezi Mungu, Mola aliyeiwekea damu njia zake ndani ya mwili na kila njia akaipa mlinzi. Sifa ni zake kabla sijaandika neno, na zitabaki kuwa zake nitakapoweka kalamu chini. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, nataka kusimulia mwaka mmoja tu wa maisha yangu, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, nilioishi Nyakunguru, wilayani Tarime, katika chumba cha nyuma cha fundi cherehani aliyeitwa Bhoke. Nausimulia kwa sababu tumemzika juzijuzi, na kwa sababu ya maneno niliyoyasikia msibani.

Nilisafiri kutoka kwetu Kondoa na kufika wakiwa wameshamzika. Nikakaa mkekani na akina mama waliokuwa wakimenya ndizi, mzee mgeni aliyejifunga mtandio, hakuna anayenijua. Nyuma yangu wawili walikuwa wakizungumza bila kushusha sauti. “Ndiye huyu aliyekuwa na laana ya damu?” “Ndiye. Mtoto wa kwanza alimwaga damu kwenye tohara mpaka ikaisha. Wa pili akamfungia ndani asitahiriwe, ukoo mzima ukachekwa.” “Na kitukuu naye wanasema anayo.” “Laana haizikwi na mtu, dada.” Nikageuka. Walipoona mvi zangu wakaniamkia haraka, “Shikamoo, mama.” Nikawaitikia marahaba, kisha nikawaambia: “Bhoke hakumfungia mtu ndani. Alikaa barabarani. Kama mnasimulia, simulieni vizuri.” Wakainamia ndizi zao. Na mimi nilipoona wamenyamaza nikajua kwamba kunyamaza kwao hakutoshi, na kwamba lazima niandike.

Chumba cha mbele cha Bhoke kilikuwa na cherehani nyeusi ya kukanyaga, kochi moja la mbao, na dirisha lililotazama barabara ya vumbi. Mbele ya dirisha hilo walipita wachimbaji wadogo wakitoka mashimoni, weupe kwa unga wa mawe kuanzia kope hadi viatu, na wengi walisimama wakavua suruali zilizochanika magoti na kusubiri wakiwa wamejifunga shuka, wakitaniana. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule. Nilimtazama jioni nyingi nikiwa nasahihisha madaftari. Alikata vipande, akavipanga, na penye kila kiungo akachomeka pini. Halafu alipopiga mshono wa mwisho, alizichomoa moja baada ya nyingine kadiri sindano ilivyosonga, akazibana midomoni, na aliendelea kuzungumza zikiwa hapo hapo. Uzi wake ulikuwa wa magendo na ulikatika ovyo. Pengine alifika mwisho wa kukanyaga, nguo ikaonekana nzima kwa macho, lakini akiona pini bado imesimama mbele ya mahali uzi ulipoishia, alijua mshono umekoma kabla ya wakati. Nguo hiyo haikutoka mlangoni. Aliifumua yote. “Pini ikibaki, Mwalimu, nguo haijaisha,” alisema. Niliona ni ukali wa kupita kiasi. Mteja angeweza kuvaa.

Bhoke alikuwa Msabato na mimi Mwislamu, kwa hiyo nyumba ilikuwa na siku mbili za heshima zinazofuatana. Ijumaa alizima redio nikiwa naswali. Jumamosi nilipika mimi. Alipotaka kupika kuku, alimpa mwanawe Mwita ampeleke kwanza kwa muuza duka, Mwislamu wa Kigoma, amchinje kwa jina la Mungu ndipo mimi nile. “Nenda upesi,” alimwambia. “Mwalimu asije akashindia majani ya mgagani kama mbuzi.” Mwita alikwenda akichechemea. Alikuwa kidato cha kwanza shuleni kwetu, mrefu, mcheshi, na goti lake la kushoto lilivimba mara kwa mara bila kuanguka wala kupigwa. Aling'oka jino moja mwaka ule, na damu ilitoka leo, ikatoka kesho, mpaka Bhoke akawa anakaa naye kitandani akimbadilishia pamba.

Kaka yake, Chacha, nilimjua kwa shati tu. Lilining'inia nyuma ya mlango, jipya, halijatiwa vifungo. Bhoke alinihadithia habari zake siku moja tukila ugali wa mtama na maziwa mgando, bila kuinua macho. “Alisimama vizuri. Kisu kilipita, hakupepesa jicho. Wanaume walimsifu, wakarusha mishale hewani, wakamrudisha kwa nyimbo. Damu ndiyo haikusikia kwamba sherehe imekwisha.” Baba yao alikuwa ameshafariki, na wazee walipokaa kutafuta sababu, walisema wanachosema siku zote mtoto akitoka damu nyingi kwenye tohara: mama yake alitoka nje ya ndoa. Bhoke alikuwa na umri mdogo kuliko binti zangu wa leo alipobebeshwa mzigo huo, na aliubeba sokoni, kisimani na kanisani.

Sasa, muhula wa pili nilikuwa nafundisha urithi kidato cha nne. Mwalimu yeyote wa baiolojia anaijua mada hiyo: unachora duara kwa mwanamke na mraba kwa mwanamume, unaeleza hemofilia, yaani ugonjwa wa damu isiyoganda, unasema mama huubeba bila kuumwa na wanawe wa kiume huumwa. Mfano wa kitabu ulikuwa wafalme wa Ulaya. Nilikuwa nimechora miraba miwili chini ya duara moja na kuitia chaki ndani yote miwili, msichana mmoja akauliza, “Mwalimu, ugonjwa huu unawapata watoto wa wafalme peke yao?” Darasa likacheka. Mimi nilikuwa naitazama ile miraba miwili. Nilikuwa nikila na mmoja wao.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. “Mama Mwita, una kaka?” Alikuwa na pini midomoni. “Nilikuwa naye. Ng'ambo, upande wa Kenya, kwetu nilikozaliwa.” “Yuko wapi?” “Alikufa kwenye tohara.” “Alikufaje?” Bhoke alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. “Kama Chacha,” akasema. “Mwalimu, unaniuliza nini?”

Likizo ilipofika tulimpeleka Mwita hospitali ya misheni. Daktari alichukua damu kwenye kichupa cha kioo, akawa anakiinamisha, anasubiri, anakiinamisha tena, mpaka wagonjwa nje wakaanza kulalamika foleni haisogei. Damu ilibaki nyepesi kama chai. Akasema yale niliyokuwa nimeyachora ubaoni, akaongeza: “Kisu kisimguse mtoto huyu mpaka awe kwenye hospitali kubwa yenye cha kumtilia mwilini. Kisu cha mtu yeyote.” Tukiwa tunarudi kwa miguu kutoka stendi, ningeweza kumpa Bhoke nusu ya habari. Nilimpa yote. Nilimwambia inapitia kwa mama. Alisimama katikati ya njia. “Nilifanya nini?” “Hukufanya kitu. Ulizaliwa nayo, kama ulivyozaliwa na vidole.” Akaanza kutembea tena, Mwita akiwa ametangulia mbele yetu akichechemea. Kisha akasema, “Basi nitawaambia mwenyewe kabla hawajaambiwa.”

Mwaka ule ulikuwa wa tohara. Wazee walishatangaza, na Mzee Marwa, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Bhoke, alikuja kumchukua mtoto wa ndugu yake. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa amelima shamba la Bhoke kila msimu tangu kaburi la ndugu yake lilipofunikwa. Alikaa kwenye kochi, fimbo kati ya magoti, akapewa uji, na Bhoke akamweleza kuhusu daktari na kichupa. Mzee akanigeukia mimi.

“Mwalimu, wewe ni mgeni wetu. Mgeni anakula, anashiba, anasema asante.”

“Nakula, Mzee, na nasema asante. Ila mtoto huyu akikatwa atakufa.”

“Mkurya hafi kwa kisu. Akifa, kuna kitu nyumbani.”

“Kipo,” Bhoke akasema. “Kimetoka kwangu, shemeji. Daktari amesema kinapitia kwa mama.”

Mzee Marwa akapiga goti lake kwa kiganja na kucheka. “Haya! Si tulisema? Tulisema bila darubini!”

“Mlisema nilitoka nje ya ndoa. Daktari amesema nilizaliwa nacho. Kaka yangu naye alikufa hivyo hivyo. Huyo naye nilimzaa mimi?”

“Mama ni mama. Njia ni ile ile.”

Ndipo Mwita alipoingia. Alikuwa amesikiliza mlangoni. “Mama, mimi nataka kwenda. Wenzangu wote wanakwenda. Wananiita omorisia, mvulana wa kuchunga ndama. Nisipotahiriwa sitaoa, sitasimama mbele ya watu nikaongea. Unataka nizeeke nikiwa mtoto?”

“Nataka uzeeke,” Bhoke akasema.

Neno la Mzee Marwa, kwamba njia ni ile ile, lilinichoma kwa miaka mingi kwa sababu sikuwa na jibu lake. Nilijua kitu kinapitia kwa mama. Sikujua kitu chenyewe kinafanya nini. Niliwafundisha wanafunzi, mwaka baada ya mwaka, kwamba mwili wa mgonjwa “umeshindwa” kutengeneza protini ya kugandisha damu, na kila nilipolitamka neno hilo niliona goti la Mwita na nikahisi namsingizia. Jibu nimelipata sasa, nikiwa na mvi, katika chumba kile kile cha cherehani, siku ya tatu ya matanga, kutoka kwa Ghati, binti wa Mwita, ambaye anasomea mambo ya jeni chuo kikuu na alikulia miguuni pa bibi yake akiokota pini sakafuni. Alikuwa ananyonyesha. Mtoto ni wa kiume, ameitwa Chacha, amepimwa, na anayo.

“Bibi Saumu,” akaniambia, “sisi tumepimwa mpaka kwenye herufi za jeni. Kwenye jeni yetu kuna herufi moja imebadilika, na pale ilipobadilika pamekuwa na amri ya kusimama, kabla ya mwisho. Sasa nisikilize. Jeni haitumiki yenyewe. Seli inanakili ujumbe wake kwenye RNA, yaani nakala ya kufanyia kazi, inakata vipande visivyohitajika, inaunganisha vilivyobaki. Na penye kila kiungo inaacha alama.”

“Pini,” nikasema.

“Pini. Ndiyo, Bibi. Protini ndogo zinazokaa karibu na kila kiungo. Ujumbe unatoka, unakutana na mashine inayousoma ili itengeneze protini. Mashine hiyo inaposoma mara ya kwanza inapita juu ya viungo vyote na kuzing'oa alama, moja moja, mpaka mwisho. Ikifika kwenye amri ya kusimama na mbele hakuna pini iliyobaki, seli inajua ujumbe ni mzima. Lakini ikisimama na mbele bado kuna pini, walinzi wanakusanyika. Wanaushika ule ujumbe, wanaukata, wanaumaliza. Seli zetu, za ng'ombe, za kuku, zote zinafanya hivyo. Ini la baba linaandika ujumbe kila siku, na kila siku linauchana.”

“Kwa nini usiachwe? Si afadhali nusu?”

“Nusu inaweza kudhuru. Protini iliyokatika inaweza kujipachika katikati ya kazi ya zile nzima na kuivuruga. Seli haijui kurekebisha herufi, Bibi, inajua kukataa. Bibi Bhoke alikuwa na nakala mbili za jeni, moja nzima. Seli zake zilizotumia ile nzima zilitosha, na zile nyingine zilichana zilichoandika, ndiyo maana hakuumwa. Baba ana moja tu.”

Mtoto alikuwa amelala na maziwa kidevuni. Kwa hiyo mwili wa Mwita haukuwa mzembe. Ulisoma, ukaona pini, ukakataa kutoa nguo isiyokwisha. Na Bhoke, waliyesema ameuharibu ukoo, alikuwa na walinzi hao hao ndani yake, wakifumua na kufumua maisha yake yote, wala hakuna mzee aliyewatuma. Nimesoma dini tangu utotoni, na nilifundishwa kwamba hakuna kinachopita bila kuangaliwa. Nilikuwa nikilielewa neno hilo kwa matendo ya mtu. Sikujua kwamba hata ndani ya ini, kwenye kitu kisichoonekana kwa jicho, Mungu ameweka wasomaji wanaosoma mpaka mwisho. Wale wazee wetu walisoma nusu ya habari ya mwanamke mmoja, wakasimama hapo, wakaitangaza. Pini zilikuwa zimesimama mbele yao wazi.

Asubuhi ya tohara, mwaka ule, tuliamka tukakuta kitanda cha Mwita ni kitupu na blanketi lake halipo. Bhoke hakupiga kelele. Alichukua kile kigoda chake cha cherehani, akakiweka kichwani, akatoka, nami nikamfuata na kanga ya kulalia. Vijana walikuwa wanapelekwa kwa njia ya chini ya kijiji, wamejifunga mablanketi, wanaume wakiwa pembeni yao na fimbo na mikuki, pembe zinalia, vumbi limeinuka. Bhoke alitua kigoda katikati ya njia, mahali penye miiba huku na huku, akakaa, akakunja mikono.

Nyimbo zikakatika. Mzee Marwa akaja mbele. “Mwanamke, ondoka njiani.”

“Piteni.”

“Tutapita wapi?”

“Mniruke. Lakini anayeniruka alitaje kwanza jina la Chacha.”

Hakuna aliyesogea. Nani angetaka jina la aliyekufa kwa kisu litamkwe asubuhi ya kisu, wanawe wamesimama nyuma yake na mablanketi? Mzee Marwa alitazama kulia, akatazama kushoto, akainua fimbo, akaishusha. Mmoja akanipigia kelele mimi: “Mwalimu, mwondoe huyu mwenzako!” Nikajibu, “Mimi ni mgeni. Nashukuru tu kwa chakula.” Mwingine akacheka bila kupenda. Jua lilianza kuchoma, mwenye kisu anasubiri, na akina baba wengine wakaanza kunung'unika, si kwa sababu wameelewa habari za kichupa, ila kwa sababu walitaka watoto wao wapite. “Marwa, mwachie mtoto wake! Jua linapanda! Mpe mtoto wake tuondoke!” Mwita akasukumwa mbele. Alikuja mpaka kwenye kigoda kwa aibu, machozi yamechora mistari kwenye vumbi la mashavu. Ndipo Bhoke aliposimama, akakichukua kigoda chake, akasogea kando ya miiba na kusema kwa heshima, “Asanteni. Mungu awatangulie watoto wetu.” Wakapita. Yeye akabaki akiwaombea kila mmoja kwa jina.

Tulilipia. Wateja wa sare walipungua, na kanisani benchi alilokaa Bhoke lilibaki na nafasi kila upande wake. Mwita hakumsemesha mama yake mpaka mvua za masika. Tulikula watatu sinia moja, naye ananiambia mimi, “Mwalimu, mwambie mama chumvi haitoshi,” na Bhoke anajibu, “Mwalimu, mwambie chumvi iko mkono wake wa kulia.” Nilikuwa mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili. Uhamisho wangu ulipokuja, Bhoke alinishonea gauni, na nilipolivaa nyumbani kwetu nilipitisha mkono kwenye mishono yote. Hapakuwa na pini hata moja. Mwita alikuja kutahiriwa akiwa mtu mzima, kwenye hospitali kubwa, dawa ya kugandisha damu ikiwa imeandaliwa kabla. Akaoa. Goti lake halikunyooka tena, lakini msibani alisimama mbele ya watu wote akaongea, na sauti yake ilifika mpaka barabarani.

Siku ya kuvunja matanga Mzee Marwa aliletwa na wajukuu wake. Ni mzee sana sasa, macho yamefunga ukungu. Alimwita Ghati. “Leta mtoto nimtemee mate ya baraka. Na tuiondoe ile ya bibi yako, isimfuate.” Wanawake waliacha kuosha vyombo. Wale wawili wa siku ya kwanza walikuwepo.

Ghati akapiga goti, akamwamkia shikamoo, lakini mtoto akabaki naye kifuani. “Babu, mbariki, tutafurahi. Ila hakuna cha kuondoa. Bibi hakumwachia laana. Kama kubariki ni mpaka tuseme ilikuwa laana, basi tutakaa bila.”

Mzee akamwinamia, akamtazama kwa yale macho ya ukungu. “Unafanana na yule mwanamke,” akasema.

“Asante, Babu.”

Hakubariki, wala Ghati hakusogea. Mwita akaja kwa mwendo wake wa goti, akasimama nyuma ya binti yake. Ghati akamweka Chacha mdogo mikononi mwangu, mbele ya wote, nami nikamsomea dua niliyofundishwa nikiwa mdogo kuliko mama yake, kwa sauti, mpaka neno la mwisho, na Wasabato wakaitikia amina.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akupe damu yenye kusikia na moyo usiokubali nusu ya habari ya mwenzako. Akulinde na kisu cha haraka na ulimi wa haraka. Na ukiitwa mtu wa laana, akupe kigoda, akupe mahali pa kukiweka, na akukalishe hapo mpaka wapite. Amina.